Kebo ya Kipimakina: Kuikata, Kuiunga na Kuilaza Ndani ya Mashua ya Tanga

Kati ya nyaya zote zinazopita chini ya sakafu ya mashua ya tanga, waya wa kipimakina, yaani kifaa kinachopima kina cha maji chini ya chombo, ndio unaodharauliwa kuliko zote. Fundi yuleyule anayeishughulikia kebo ya antena ya redio kwa adabu kubwa, akaichagulia plagi yake na kuikinga na maji, akifika kwenye kebo ya kipimakina hushika koleo akaikata, kwa sababu tu plagi yake imekataa kupita kwenye tundu la ukuta wa ndani, kisha huiunga kama waya wa taa. Chombo kikiwa kimefungwa gatini, kwenye maji ya mita tatu, namba hutokea kwenye kioo na kila mtu huridhika. Ubaya wa kiungo hicho huja kujulikana baadaye, pale kina kinapoongezeka, au injini inapowashwa, au maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo, yanapokifikia. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba kebo hiyo ni sehemu ya kipimo chenyewe, na anayeikata amekifungua kifaa hata kama hajagusa parafujo yake hata moja.

Kwenye ncha ya chini ya kebo hiyo iko transdusa, ambayo ni kipande cha kauri kilichofungwa ndani ya plastiki au bronzi. Kikipewa umeme hutetemeka, na kikitikiswa hutoa umeme. Tabia hiyo ilielezwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880 na 1881, na Mfaransa mwingine, Paul Langevin, akaitumia kutuma sauti majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye mashua ndogo za leo kipande hichohicho ndicho kinachosema na ndicho kinachosikiliza. Kifaa kilichoko karibu na usukani hutuma pigo fupi la umeme, kwa kawaida la masafa ya kilohezi 200, au 50 kwa wanaotaka kufika kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Transdusa huligeuza pigo hilo kuwa sauti, sauti husafiri kwenye maji ya bahari kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga sakafu ya bahari na kurudi. Mahali penye mita kumi chini ya transdusa, safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua kama milisekunde 13, na kazi yote ya kifaa ni kupima muda huo, kuugawa kwa mbili na kuuzidisha kwa kasi ya sauti.

Jambo la kuzingatia ni tofauti iliyopo kati ya umeme unaokwenda na ule unaorudi. Pigo linalokwenda huwa na volti makumi, na kwenye vifaa vyenye nguvu hufika mamia, kwa hiyo hakuna sababu ya kushika ncha za nyaya hizo kwa vidole wakati kifaa kimewashwa. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye matope laini, kwa upande mwingine, unaweza kuwa mdogo kiasi cha sehemu za milioni za volti. Kebo moja hubeba vyote viwili. Ikiruhusu kelele kidogo ya umeme iingie, kelele hiyo haitalidhuru pigo linalokwenda, ila inaweza kuumeza mwangwi mzima. Ndiyo maana nyaya mbili za kauri husokotwa pamoja na kuvikwa wavu wa shaba, au hutengenezwa kwa umbo la koaksia, ambapo waya wa kiini huzungukwa na ala nene ya plastiki, kisha wavu, kisha ala ya nje.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Nyaya mbili zilizolala sambamba, zikitenganishwa na plastiki, hutunza chaji ya umeme. Kebo ya kawaida ya koaksia ya ohmu 50 hutunza kiasi cha pikofaradi 100 kwa kila mita. Watengenezaji hulijua hilo na hupatanisha kauri, kebo na kifaa vifanye kazi pamoja kwenye masafa yaliyokusudiwa. Ukiongeza mita tano au ukipunguza mita tano umeyabadilisha mapatano hayo. Kwenye maji mafupi hutaona tofauti. Kwenye maji ya kina kirefu, ambako mwangwi umeshachoka, kile kidogo ulichopoteza ndicho kilichokuwa kinahitajika, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vya maelekezo hukataza kebo isikatwe wala isifupishwe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutokata. Tundu linaweza kupanuliwa kwa msumeno wa duara na baadaye likafunikwa kwa kifuniko cha mpira chenye mpasuko. Njia inaweza kubadilishwa. Plagi nyingine hufunguka na vipini vyake vikatoka kimoja kimoja, mradi umechora kwanza kila rangi imekaa wapi. Kebo ikiwa ndefu mno, ziada yake hukunjwa kwa mizunguko mipana iliyolala, ikafungwa mahali pakavu mbali na nyaya za betri. Kebo ikiwa fupi, kipande cha kurefushia kinachotoka kwa mtengenezaji yuleyule kinazidi kiungo chochote nitakachokitengeneza mimi, hata kama bei yake inakera.

Hata hivyo, ziko hali ambazo kukata hakuepukiki. Kebo imetafunwa na mnyororo wa nanga au imekatwa na ukingo wa taruma, yaani ubavu wa ndani wa chombo. Plagi imeoza na haiuzwi tena. Transdusa mpya inapaswa kuunganishwa na kifaa cha zamani ambacho bado kinafanya kazi vizuri. Au kebo imepita ndani ya paipu iliyofunikwa kwa faibaglasi tangu chombo kilipojengwa na hakuna anayeweza kuitoa bila kubomoa. Katika hali hizo kiungo kinaruhusiwa, kwa sharti kwamba kikikamilika kebo iwe imerudi kuwa kama ilivyokuwa: kiini kwa kiini, wavu kwa wavu, ala kwa ala, na maji yasipate njia.

Niliwahi kufungua kiungo cha zamani kwenye mashua ambayo mwenyewe alilalamika kuwa namba hupotea kila anapoiacha pwani nyuma. Kilikuwa kimelala chini kabisa ya ngama, kimefungwa kwa utepe mweusi wa umeme ambao gundi yake ilikuwa imegeuka kuwa utomvu unaonata vidoleni. Chini ya utepe nyaya mbili zilikuwa zimepindwa pamoja kwa mkono, na shaba ilikuwa imebadilika kuwa unga wa kijani uliomwagika nilipoigusa. Wavu ulikuwa umekatwa pande zote mbili na kuachwa hivyo, bila kuunganishwa kabisa, pengine kwa kudhani kuwa haubebi kitu. Nilipoimenya kebo kuelekea kwenye transdusa nilikuta ule ukijani unaendelea ndani ya ala kwa zaidi ya urefu wa shubiri, kwa sababu wavu wa shaba hufyonza maji na kuyapeleka mbali na pale yalipoingilia, kama utambi ufyonzavyo mafuta. Hilo ndilo linalofanya kiungo kibovu kiwe ghali: kinaua na kebo iliyokuwa nzima, na usipokuwa na ziada ya kukata hadi kufika kwenye shaba inayong'aa, transdusa nzima inakuwa imekwisha.

Kabla ya kukata chochote mimi hupima. Kwenye transdusa nyingi za kawaida, mita ikiwekwa kwenye nyaya mbili za kauri huonyesha ukinzani usio na kikomo, kwa kuwa kauri haipitishi mkondo wa moja kwa moja. Nyingine zina transfoma ndogo ndani na huonyesha ohmu chache, kwa hiyo ni vizuri kujua iliyoko mkononi ni ya aina gani. Kati ya kila waya na wavu pasiwe na njia kabisa. Ikiwa ndani ya transdusa mna kipimajoto, mara nyingi huwa ni kinzani cha ohmu 10,000 kwenye nyuzijoto 25 za selisiasi, nacho kinapashwa kwa kiganja huku ukitazama namba ikishuka polepole. Ikiwa mna gurudumu la kupima mwendo, zitakuwepo nyaya nyingine tatu, yaani umeme wa kuingia, ishara na waya wa kurudishia. Rangi hutofautiana baina ya watengenezaji, na wakati mwingine baina ya matoleo mawili ya mtengenezaji mmoja, hivyo sikubali kuunganisha rangi kwa rangi mpaka nimethibitisha kwa mita na kwa mchoro.

Mahali pa kiungo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kisiwe kwenye ngama, hata ile inayosemekana kuwa kavu, kwa kuwa mashua ya tanga huinama na maji ya ngama hupanda ubavuni mpaka nyuma ya makabati. Kisiwe ndani ya paipu ambamo hakuna atakayekiona tena. Mimi hukipeleka juu ya mstari wa maji, ndani ya kabati au nyuma ya kiti, mahali ambapo mtu anaweza kukifikia kwa mikono yote miwili bila kufungua sakafu, na kebo pande zote mbili huachiwa mteremko mdogo ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo.

Kazi yenyewe huanza na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, ile yenye gundi ndani, na hupitishwa kwenye kebo kabla ya waya wowote kuunganishwa: mrija mkubwa mrefu upande mmoja kwa ajili ya ala ya nje, na midogo kwa kila waya. Ninapendelea mirija inayosinyaa hadi theluthi ya upana wake, maana kiungo huwa kinene kuliko kebo na mrija unaosinyaa nusu tu hauwezi kushika vyote viwili. Kisha ala ya nje hukatwa kwa kisu kikali kwa kuzungusha bila kukandamiza, ikakunjwa kidogo ili imalizikie yenyewe, kwa kuwa kisu kikifika kwenye wavu hukata nyuzi ambazo baadaye utazihitaji. Wavu haukatwi. Husukumwa nyuma kuelekea kwenye ala, ukapanuka kama mkono wa shati unaokunjwa, na kiini kikabaki wazi.

Nyaya za ndani haziungwi zote mahali pamoja. Mmoja hukatwa mfupi upande huu na mrefu upande ule, na mwenzake kinyume chake, ili viungo vipishane kwa sentimita tatu hivi. Kwa njia hiyo hakuna kiungo kinacholala juu ya kingine, uvimbe hupungua, na hata mrija mdogo ukitoboka siku moja waya na waya hazitagusana.

Hapa ndipo mafundi hugawanyika, kati ya wanaobana kwa vibanio na wanaolehemu. Kwa nyaya za umeme mkubwa mimi niko upande wa wanaobana. ABYC, baraza la Marekani linaloandika viwango vya vyombo vidogo vya majini, katika kiwango chake cha E-11 linakataza lehemu kuwa ndiyo kitu pekee kinachokishika kiungo, kwa kuwa waya uliolehemiwa huwa mgumu na hukatika pale ugumu unapoishia ukitikiswa mara kwa mara. Lakini nyaya za kauri ni nyembamba, mara nyingi nyembamba kuliko kibanio kidogo kabisa kinachopatikana, na ishara inayopita humo ni ndogo kiasi kwamba kutu kidogo ndani ya kibanio hutosha kuizuia. Kwa hiyo kwenye kebo hii nalehemu, kisha namwondolea lehemu mzigo wa kushika: mrija wa nje wenye gundi, na kebo iliyofungwa imara pande zote mbili za kiungo, ndivyo vinavyobeba mvuto wote.

Kulehemu kwenyewe kunataka haraka. Bati la kulehemu lenye mchanganyiko wa 63 kwa 37 wa bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ilhali plastiki ya ndani ya kebo nyingi za koaksia huanza kulainika kabla ya kufika kiwango hicho. Chuma cha kulehemu kikiwa baridi, fundi hukishikilia waya kwa muda mrefu akingoja bati liyeyuke, na wakati huo joto linasafiri ndani ya shaba, plastiki inalegea, na kiini kinasogea taratibu kuelekea kwenye wavu. Kwa macho kiungo kitapendeza, ila ndani yake nafasi kati ya kiini na wavu imebaki kama unene wa karatasi. Afadhali chuma chenye moto wa kutosha, ncha safi iliyopakwa bati, na mguso wa sekunde mbili tatu, huku waya ukiwa umeshikwa na koleo ndogo karibu na ala ili koleo ifyonze joto lililozidi. Dawa ya kulehemia iwe ya utomvu wa misonobari. Ile ya asidi inayotumiwa na mafundi wa mabomba isikaribie chombo, kwa kuwa mabaki yake huendelea kula shaba baada ya kazi kwisha.

Baada ya mirija midogo kusinyaa juu ya kila waya, wavu hurudishwa. Huu ndio ushahidi wa kazi, na ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Kama wavu wa pande mbili unafikiana, huvutwa ukapandiana kwa sentimita mbili hivi juu ya viungo, ukafungwa kwa uzi mwembamba wa shaba iliyopakwa bati, na kulehemiwa kwenye nukta chache tu badala ya kuzunguka kote. Kama haufikiani, hukatwa kipande cha wavu kutoka kwenye kebo nyingine na kuvishwa juu ya kiungo mithili ya soksi. Kusokota wavu kuwa waya mmoja na kuupitisha pembeni ya kiungo kunaunganisha umeme, ndiyo, lakini kunaacha dirisha la sentimita kadhaa ambamo nyaya za kauri hazina kinga, na kelele ya altaneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, haihitaji dirisha kubwa. Kebo nyingine hutumia karatasi ya alumini yenye waya mtupu unaoambatana nayo. Alumini hiyo hailehemiki, hivyo waya huo mtupu ndio unaoungwa, na karatasi hufungwa upya kwa utepe wa shaba unaogusana na waya huo.

Mwisho ni mrija mkubwa. Ala ya nje husuguliwa kwa msasa laini na kupanguswa kwa spiriti, ili gundi ipate pa kushika, na mrija uvuke kiungo kwa angalau sentimita tatu kila upande. Joto huanzia katikati na kwenda nje, ili hewa isukumwe itoke, na hukomea pale gundi inapochungulia kwenye midomo ya mrija kama duara kamili lisilokatika. Duara likikatika sehemu moja, hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Kipo kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakidanganyiki. Kiungo huzamishwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, ncha za kebo zikiwa nje, pamoja na kipande cha chuma kitupu. Mita hupima kati ya wavu na chuma hicho, kwenye kiwango cha megaohmu. Kikiachwa humo usiku kucha na namba isishuke, gundi imeshika. Namba ikianza kuteremka, mrija umekubali maji, na ni nafuu kulijua hilo kwenye ndoo kuliko baharini.

Kuilaza kebo ndani ya chombo ni kazi ya subira zaidi kuliko ufundi. Transdusa ya mashua ya tanga kwa kawaida hukaa mbele ya mkuku, pembeni kidogo, mahali ambapo maji yanapita bila mapovu. Kifaa kinachosomwa kiko nyuma, kwenye ukuta wa mlango au kwenye nguzo ya usukani. Kati yao ziko mataruma, kitako cha mlingoti, matangi, na injini. Kabla ya kebo hupitishwa kamba nyembamba ya kuvutia, na pamoja na kebo huvutwa kamba nyingine itakayobaki humo kwa ajili ya mtu wa baadaye. Kila inapovuka ukingo wa taruma huvishwa mpira, na hushikizwa kila baada ya sentimita 45 hivi, kwa vifungo vya plastiki visivyokazwa mpaka vikaiumiza ala. Ipitie upande mmoja wa chombo na nyaya nene za betri zipitie upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba. Kebo inayolala sambamba na waya wa altaneta kwa mita mbili tatu ni sawa na kuukaribisha mlio wa injini ndani ya kipimo. Kebo ya antena ya redio ya VHF pia ikae mbali nayo, kwa kuwa redio inaposema huwa na nguvu ya wati 25, na mwangwi hauna uwezo wa kushindana na hilo.

Wavu huunganishwa na ardhi ya umeme upande mmoja tu, ule wa kifaa, kwenye sehemu iliyotengwa kwa ajili yake. Fundi anayeufunga pia kwenye boliti ya bronzi inayopita kwenye bodi ametengeneza mzunguko ambamo mikondo midogo ya chombo itapita, na kelele aliyoikimbia inaingia kwa mlango huo.

Upande wa umeme hauhitaji maneno mengi. Kifaa hutumia mkondo mdogo. Nikichukulia robo ya ampea kwenye waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, mita kumi kwenda na kumi kurudi, upungufu ni chini ya volti 0.1, ilhali kiwango kinachokubalika kwa vifaa vya uongozaji ni asilimia tatu, yaani volti 0.36 kwenye betri ya volti 12. Waya mwembamba kuliko huo ungetosha kwa hesabu, lakini hukatika upesi. Shaba iwe imepakwa bati, fyuzi iwe ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha kifaa na ikae karibu na chanzo cha umeme, na nyaya za chanya na hasi zisokotwe pamoja, hasa zinapopita karibu na dira, ili usumaku wa mmoja ufutwe na wa mwenzake.

Transdusa za kisasa zenye akili ndani yake zimeyapunguza mashaka mengi niliyoyaeleza, kwa kuwa mwangwi hufasiriwa humohumo chini na kinachopanda juu ni namba tu. Zile za NMEA 0183, kiwango cha zamani cha mawasiliano kati ya vifaa vya majini, hutuma maneno kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde kupitia jozi moja ya nyaya, na kiungo safi kwenye jozi hiyo hakiharibu kitu. Zile za NMEA 2000, kiwango kipya zaidi, huingia kwenye kebo kuu kwa matawi yasiyozidi mita sita, na ncha mbili za kebo kuu hufungwa kwa kinzani za ohmu 120. Umeme ukiwa umezimwa, mita ikionyesha ohmu 60 kati ya nyaya mbili za data, mtandao umefungwa sawasawa. Hapo kuunga kwa bati ni kujitafutia kazi bure, kwa sababu plagi za kufungwa kwa mkono zipo. Kwa mashua inayowekewa vifaa upya, hili ndilo ningechagua bila kusita.

Neno moja kuhusu mahali sauti inapotokea. Wengine hupenda kuibandika transdusa ndani, ipige sauti kupitia kwenye bodi, ili wasitoboe tundu. Inawezekana kwenye faibaglasi iliyo nzima, kwa hasara fulani ya kina, lakini haiwezekani pale ambapo katikati ya tabaka za faibaglasi mna povu au mbao laini ya balsa, kwa kuwa hewa iliyomo humeza sauti. Kujaribu ni rahisi: mfuko wa plastiki uliojaa maji huwekwa juu ya bodi na transdusa hushikwa juu yake, namba ikitulia, mahali panafaa. Kwenye bodi ya mbao transdusa ya plastiki haifai, kwa kuwa mbao ikivimba huipasua, na kwenye bodi ya alumini bronzi haifai, kwa kuwa alumini ndiyo itakayoliwa.

Kiungo kikishakaa mahali pake, jaribio halimaliziki gatini. Injini huwashwa na kuongezwa mzunguko huku namba ikitazamwa, redio hubonyezwa, usukani wa umeme, taa na kibadili umeme huwashwa kimoja kimoja. Namba ikiruka kwa kimojawapo, adui amejulikana, na mara nyingi dawa ni kuisogeza kebo. Ikiruka vyote vikiwa vimezimwa, nianze kuushuku wavu. Namba ikiwa imara kwenye maji mafupi na ikageuka kuwa vistari mapema kuliko kifaa kinavyotakiwa, nashuku kiini, ingawa kwanza nitachungulia chini ya bodi, kwa kuwa chaza na rangi nene ya kuzuia viumbe vya baharini hutoa dalili zilezile.

Kisha hushushwa bildi. Risasi na kamba yenye alama hazina betri wala kiungo, na hukiweka kipimakina kwenye ukweli. Namba isiyorekebishwa huanzia kwenye uso wa transdusa, kwa hiyo nahodha huchagua kuongeza umbali kutoka kwenye transdusa hadi juu ya maji, asome kina chote, au kupunguza umbali kutoka kwenye transdusa hadi ncha ya mkuku, asome maji yaliyobaki chini yake. Mimi huchagua kina chote, kwa kuwa ndicho kinacholinganishwa na ramani baada ya kuhesabu maji kujaa na kupwa, lakini kwenye chombo cha mwenzangu nauliza kwanza. Chaguo hilo huandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kabati la swichi, pamoja na mchoro wa rangi za nyaya, mahali kilipo kiungo, na tarehe kilipotengenezwa.